Muulize Shangazi: Mume wangu anatembea mbele kama anakimbia deni

Jamani barua zimejaa. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mi na baba watoto, na uzee wetu huu wa miaka hamsini na kitu, tulitembea kwa miguu toka Mpwapwa mpaka Dodoma mjini kwa siku nane, begi mgongoni, tukifuata njia za vijijini sio lami, basi watu wameniandikia utadhani nimetangaza kugawa viwanja. Nachagua chache, wengine mnivumilie.

Shangazi shikamoo. Mi na mume wangu tuna miaka mitatu ya ndoa, tumepanga mwezi wa saba tutembee Dodoma mpaka Kondoa. Tukasema tujaribu kwanza, tukatoka Ihumwa kwenda Hombolo siku mbili. Yani shangazi yule mwanaume anaenda mbele namuona kama kidoti, halafu ananisubiri chini ya mti, nikifika tu ndo anainuka anasema haya twende. Siku ya pili tulinuniana mpaka bwawani. Nisiende? — Mke wa Kidoti, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Nimecheka halafu nikakumbuka yangu nikaacha kucheka.

Huyo mumeo wala hana roho mbaya, hajapiga hesabu tu. Yeye kila akisimama anapumzika dakika kumi, wewe ukifika unapumzika sifuri, sasa mkifanya hivyo mara sita kwa siku yeye kapumzika saa nzima wewe hujakaa hata kufunga kamba ya kiatu, jioni anashangaa mbona una hasira. Mwambie hivyo hivyo kwa namba, wanaume wengi namba wanaelewa kuliko machozi.

Dawa yake ni moja: anayechelewa ndo atangulie, wewe mbele yeye nyuma. Atalalamika siku ya kwanza kwamba miguu inamuuma kwa kwenda polepole, mwache alalamike. Kama bado ana nguvu za kubaki basi mhamishie maji. Lita moja ni kilo moja, mpe lita tatu za kwako uone kama kidoti kitaonekana tena. Sisi begi langu lilikuwa kilo 11 la baba watoto 16, na hiyo ni baada ya kugombana, maana mwanzoni alitaka tugawane sawasawa eti usawa, nikamwambia usawa wa mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 82 ni usawa gani huo. Kipimo tulichokitumia ni begi lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako, ukizidisha hapo magoti yatakudai.

Na kitu kingine sikusikia mtu akikisema ila mimi nimekiona kwa macho yangu: ugomvi wa njiani una saa yake. Ni saa tano asubuhi. Uji wa alfajiri umeshaisha tumboni, jua la Ugogo limeshapanda, upepo unakurushia vumbi usoni, na hapo ndo mmefika njia panda mmoja anasema kushoto mwingine anasema simu inaonyesha kulia. Siku ya tatu tulikosana pale vibaya sana, maneno ya miaka ishirini nyuma yakatoka, mambo ya mahari, ya mama mkwe, we acha tu. Tulipokaa chini ya mbuyu tukala karanga na kunywa maji kila mtu akawa haoni tena ugomvi ulikuwa wa nini. Tangu hapo tukawekeana sheria, kuanzia saa tano hakuna kuamua jambo lolote mpaka watu wamekula. Njia panda ikitokea, mnakaa. Kula kwanza.

Nenda mwanangu. Ila mfanye jaribio lingine la siku mbili, we mbele.

Habari shangazi. Mimi nimestaafu, mke wangu anataka twende. Naomba kujua siku nzima mnaishije, mnaamka saa ngapi mnakula nini. Nyumbani sijawahi kupika naomba usinicheke. — Mzee wa Chamwino

Shemeji sikucheki, baba watoto naye alikuwa hivyo hivyo.

Saa kumi na nusu alfajiri mnaamka, giza bado, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Dodoma asubuhi unaijua mwenyewe, usije na kishuka chembamba. Mmoja anakoroga uji mwingine anakunja hema. Viatu mnavikung'uta kabla ya kuvaa, nge wanapenda kulala humo. Saa kumi na mbili kasoro mko njiani. Mnatembea mpaka saa nne na nusu hivi, hapo mmeshamaliza kazi kubwa ya siku, halafu mnatafuta kivuli mnakaa mpaka saa tisa. Ndiyo, masaa manne na nusu mazima mmekaa, mnalala, mnashona begi, mnapaka miguu mafuta, mnaongea na wachunga ng'ombe. Saa tisa mnaondoka tena mpaka saa kumi na moja na nusu mnaomba pa kulala kabla giza halijaingia. Kilomita 15 kwa siku zinatosha kwa umri wetu, vijana waende 20 na zaidi shauri yao.

Na usidhani hii ratiba nimeibuni mimi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita huku huku kwetu na ilitembea hivi hivi, kabla ya jua mpaka karibu na mchana halafu kambi. Wapagazi walibeba mzigo wa zaidi ya kilo 30 kichwani au begani, mbele kuna kirangozi, yani kiongozi wa msafara, na bendera yake, na Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, mama anabeba sufuria na mkeka na wakifika kambini anapika. Kwahiyo mume na mke kutembea na mizigo katikati ya Tanganyika si mtindo wa vijana wa mitandaoni, ni jambo la zamani sana, kilichobadilika ni nani anashika mwiko.

Maana hapo ndo penye kazi shemeji. Nyumbani mkirudi kutoka shamba mama anaingia jikoni baba anakaa kwenye kiti, basi kimezoeleka. Kule hakuna kiti. Wote mmechoka sawa na mwenye miguu mizima ndo anatafuta kuni na kuwasha. Baba watoto alisonga ugali wake wa kwanza siku ya pili ya safari, ulikuwa na mabuje kama kokoto na tukala, siku ya sita ulikuwa ugali wa kueleweka. Sa hivi akisimulia watu anaruka siku ya pili yote.

Chakula: kitu cha thamani kuliko vyote ni mlenda mkavu. Watu wa nje wanautania mlenda wetu lakini niambieni mboga gani nyingine unabeba ya wiki nzima ndani ya mfuko mmoja na hauna uzito, unatia kwenye maji ya moto na karanga za kusaga, dakika chache mboga tayari. Ugali wa uwele au mtama unashika tumbo kuliko wa sembe. Dagaa, karanga za kukaanga, ubuyu wa unga wa kukoroga na sukari, kashata, zabibu ukizipata kavu. Kama una ndugu Tabora akuletee matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, unatafuna huku unatembea. Usibebe mchele, unakula maji mengi na kuni nyingi. Kunde mbichi vile vile, tulizibeba kilo mbili tukazigawa kijiji cha kwanza.

(Karanga nikizitaja huwa nawakumbuka Waingereza pale Kongwa, 1947 walikuja na matrekta eti nchi nzima iwe karanga, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua hakuna, 1951 wakaacha. Bibi zetu walikuwa wanalima vijaruba vyao na karanga zipo mpaka leo.)

Shangazi maji mliyapata wapi? Mimi ndo kinachonitisha. — Dereva boda, Mvumi

Kinachokutisha ndicho chenyewe, mengine yote ni mapambo. Kati ya Mpwapwa na Mvumi kuna lile pori la zamani wazee waliliita Marenga Mkali, maji makali, yani yenye chumvi, na misafara iliogopa pale kuliko mahali pengi. Karibu kilomita 50 bila maji ya kunywa ya kueleweka. Sasa hivi sio kama zamani, vijiji vimeongezeka na visima vya pampu vipo, lakini pampu inaweza ikawa imekufa au maji yana chumvi, kwahiyo kila kijiji unauliza kijiji kinachofuata, na usiulize mtu mmoja, uliza watatu na mmoja wao awe mama mwenye ndoo. Wanaume wanakwambia hapo mbele tu. Mama mwenye ndoo anakwambia ukweli.

Wapagazi walikuwa na mbinu waliyoiita tirikeza na sisi tuliifanya vile vile bila aibu. Mnafika kwenye maji mchana, mnapika chakula chenu kikubwa palepale mnakula, mnakunywa mpaka tumbo linacheza, mnajaza vyombo, halafu mnaondoka saa tisa alasiri. Mnatembea mpaka jioni, mnalala katikati bila kupika, mnakula vikavu, alfajiri mnaondoka na kabla jua halijakaa vizuri mmefika maji ya pili. Hapo mmevuka pakavu bila kuukaa ule mchana wa katikati. Sisi watu wawili tulibeba lita 12 kwa kipande hicho, ndo hizo kilo 12 za ziada, na baba watoto alibeba nane na sikumuonea huruma.

Maji ya kisima au ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo, chemsha au tia dawa ya vidonge, msidanganyike kwamba yanaonekana meupe. Na tumbo likiharibika njiani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unakunywa kidogo kidogo, siku hiyo hakuna kutembea. Kwenye korongo mnachota maji ila hamlali, hata kama hapo ulipo hakuna wingu.

Shikamoo Shangazi. Nasoma chuo hapa Dodoma, mchumba wangu anataka twende Kolo kuona michoro ya kondoo... nimekosea, ya Kondoa, kwa miguu. Hatujaoana. Vijijini watatupokea? — Binti wa Ng'ong'ona

Marahaba mwanangu, michoro ya kondoo nayo ingependeza.

Mtapokelewa, ila mtaulizwa. Kwanza mtaulizwa gari lenu limeharibikia wapi. Hakuna atakayeamini kwamba mtu mwenye nauli anatembea, kila boda itasimama, kuna kijana alitufuata karibu kilomita mbili anashusha bei mwenyewe mpaka akafika bure, akaona tumekataa na bure, akaondoka anatikisa kichwa. Salimieni watu, huku kwetu ukimwambia mtu mbukwenyi umeshafungua nusu ya mlango. Halafu mkifika kijijini nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti au mtendaji na vitambulisho vyenu, msaini kitabu cha wageni, ombeni mahali pa kuweka hema, karibu na shule au uani kwa mtu. Msilale porini peke yenu kuona mnajiweza, fisi wapo, na watu wakiona tochi inawaka porini usiku wanawaza mwizi wa ng'ombe, hilo ni baya kuliko fisi. Zamani misafara ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo, nguo na shanga, na hiyo haikuwa rushwa kama tunavyolitumia neno leo, ilikuwa ushuru wa kupita na kunywa maji ya watu. Leo ushuru wenyewe ni kusaini na kujibu maswali kwa adabu.

Sasa hilo la ndoa. Msidanganye kwamba mmeoana, mama wa nyumba atakuuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi na utaanza kugugumia. Semeni ni wachumba, mtapewa mmoja ndani na wasichana wa nyumba mmoja nje kwenye hema, mchumba akinuna kwa hilo basi umepata taarifa muhimu mapema. Na mama yako anajua? Mjulishe kabla hajajua kwa mtu mwingine.

Njia: Dodoma mpaka Kondoa mjini ni kama kilomita 160, na Kolo iko mbele yake kaskazini kwa barabara ya kwenda Babati. Mkipenda pandeni basi mpaka Kondoa halafu mtembee kipande kilichobaki, kwa mara ya kwanza inatosha kabisa. Pale Kolo mnaingia kwanza ofisi ya mambo ya kale mnalipia na kupewa mtu wa kuwaongoza, hakuna kwenda kwenye miamba kiholela, ni urithi wa dunia ule wa UNESCO tangu 2006, na msiguse michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Na wenyeji wengine bado wanaitumia baadhi ya miamba kwa matambiko, kwahiyo mkikuta vitu vimewekwa, acheni. Msikate njia ya mkato kupita Swagaswaga wala Mkungunero, hayo ni mapori ya akiba, bila kibali hamuingii na tembo hawasomi vibao vya mipaka.

Shangazi samahani hili ni la wanawake. Kuoga, choo na siku zetu je? — Sitaji jina, Area C

Usiombe samahani, wanaume nao wasome.

Kuoga: lita moja na nusu na kitambaa, unaanza usoni unamalizia miguuni, khanga moja imefungwa kwenye miti miwili. Khanga ndo kifaa changu cha kwanza kabisa, taulo, pazia, kilemba cha vumbi, shuka la mchana, kata ya kichwani, na siku moja bandeji. Beba mbili. Choo: kijijini kuna vyoo, omba. Porini chimba shimo la kina cha kiganja, mbali na maji hatua zisizopungua 80, fukia, tishu usiiache ipeperuke kwenye miiba kama bendera.

Siku zetu: pedi za kufua ni nzuri kama njia yako ina maji, lakini kwenye pakavu nenda na za kutupa na mfuko mweusi wa kuzibebea mpaka upate shimo la choo au pa kuchomea. Na mwambie mumeo mapema siku fulani nitakuwa mwezini, tutatembea nusu. Mimi nilishapita umri huo ila binti yangu aliyetusindikiza siku mbili za mwisho alikuwa nazo, na baba yake ndiye aliyesema leo tunalala hapa, hakuuliza maswali, nikamuangalia nikasema kumbe.

Mapaja yakichubuka ni mafuta ya mgando asubuhi na mchana. Malengelenge: ukisikia tu sehemu inawaka moto ndani ya kiatu simama hapohapo, ubandike plasta, usisubiri tufike. Kusubiri "tufike" kulinigharimu kucha mbili.

Shangazi kaka yangu yuko Marekani anasema huko watu na wapenzi wao wanatembea miezi mitano mfululizo. Ni kweli au chai? — Kijana wa Ipagala

Sio chai. Kuna njia moja inaitwa Pacific Crest Trail, inaanzia mpaka wa Mexico inapita California, Oregon na Washington mpaka mpaka wa Canada, kilomita 4,265 hivi, na miezi mitano kwa wengi ndo kawaida. Ile nyingine ya mashariki, Appalachian Trail, toka Georgia mpaka Maine, ni kama kilomita 3,500. Wana alama njia nzima, wana ramani za simu zinazoonyesha maji yako wapi, na wanajitumia maboksi ya chakula kwa posta za vijiji vya mbele. Hilo la maboksi tuliliiga, tulimpa konda wa basi kifurushi cha unga, dagaa na betri akiache kwenye duka la mama mmoja mbele yetu siku nne. Kilifika. Kashata zilipungua lakini kilifika.

Ila wao wana dubu na theluji, sisi hatuna, na wao hawana mtu anayewakaribisha ugali kila kijiji. Usiende dukani ukajinunulie hema la milioni. Letu tulinunua mtumba, zipu imekufa, tulilifunga na pini.

Shangazi, SGR toka Dar mpaka Dodoma inatembea tangu 2024, masaa machache umefika. Nyie wazee mnatembea ili iweje? — Mshangaaji, Makulu

We mshangaaji, treni nimeipanda, nzuri, viti safi, nilipitiwa na usingizi toka Morogoro sikuona chochote.

Kwa miguu kuna siku tulikaa chini ya mbuyu masaa manne na nusu kama nilivyosema, baba watoto akaanza kunisimulia alivyokuja mara ya kwanza kwetu kuniona, alitoka stendi kwa miguu kwasababu hela ya zawadi ya mama iliishia kwenye nauli, akaokota maembe njiani akadanganya kanunua. Miaka 29 ya ndoa sijawahi kuisikia hiyo. Nikamuuliza mbona hukuniambia, akasema hujawahi kukaa masaa manne na nusu.

Barua zinazohusu viatu tutazijibu toleo lijalo, ziko kumi na moja.